Jinsi ya Kusimamisha Antena ya Redio ya Mita 10 Uani kwa Usalama

Mtu akishapata leseni ya redio ya ridhaa, yaani ile ya kuwasiliana na wenzake kwa kujifurahisha, na redio yenyewe ikawa mezani, maswali yanayofuata huwa ni yaleyale: mlingoti uwe na urefu gani, unaweza kufungwa kwenye mwembe, bomba la maji linafaa, na je, ethi ni lazima? Mwongozo huu unayajibu kwa kutumia antena moja tu, yaani mlingoti wa alumini wa mita 10 unaosimama ardhini ukishikiliwa na kamba na kufanya kazi kwenye masafa ya megahezi 7.0 hadi 7.2. Nimeichagua kwa sababu vifaa vyake vinapatikana madukani kwetu, uzito wake haufiki kilo 10, na watu wachache wanaweza kuisimamisha bila mtu yeyote kupanda juu.

Jambo moja ulielewe mapema. Antena ya kusimama inafaa kwa mawasiliano ya mbali, kwa mfano kutoka Dar es Salaam kwenda Oman, Afrika Kusini au Ulaya nyakati za usiku. Kama nia yako ni kuzungumza na wenzako wa Morogoro au Tanga tu, waya uliotandazwa mlalo utakuhudumia vizuri zaidi, na hutahitaji kuchimba shimo lolote.

Kabla ya kununua chochote: mahali

Ajali nyingi za milingoti huamuliwa siku ya kuchagua mahali, wala si siku ya kuinua. Adui mkuu ni waya wa umeme. Nyaya za msongo wa kilovolti 11 na 33 zinazopita juu ya mitaa yetu hazina ganda lolote la kukinga, na hata waya unaotoka nguzoni kuingia nyumbani kwako, ingawa umevikwa plastiki, usiuamini, kwa sababu plastiki hiyo hupasuka kwa jua la miaka mingi.

Funga kamba ya mita 15 kwenye kijiti kilichosimikwa mahali unapokusudia kuweka mlingoti, kisha uzunguke nayo ukiwa umeivuta hadi mwisho. Mita 15 ni mara moja na nusu ya urefu wa antena. Ndani ya duara hilo, na juu yake, usipite waya wowote wa umeme, uwe wa TANESCO, wa jirani, au ule wa kuchukua umeme wa banda la kuku. Ukikuta waya, usianze kujadiliana na nafsi yako kuhusu upande ambao mlingoti “hautaanguka”, kwa kuwa mlingoti unaoponyoka hauchagui upande.

Wenye viwanja vya mita 20 kwa 20 wataona mara moja kwamba duara hilo linavuka ukuta na kuingia kwa jirani au barabarani, ambako nyaya ndiko ziliko. Hapo jibu la kweli ni kubadili antena. Mlingoti wa masafa ya megahezi 14 una urefu wa mita 5 tu, duara lake ni la mita 7 na nusu, na hatua zote zilizo hapa chini zinabaki zilezile ukipunguza vipimo. Ni afadhali antena fupi iliyo salama kuliko ndefu inayokutia wasiwasi kila upepo unapovuma.

Angalia pia kilicho chini ya ardhi: karo la choo, bomba la maji, na kebo ya umeme iliyozikwa kwenda getini. Kuhusu vibali, leseni ya kurusha mawimbi hutolewa na TCRA kwa Tanzania, na Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya. Anayeishi karibu na uwanja wa ndege, kama vile Kipawa kwa Dar es Salaam au jirani na uwanja wa Wilson kwa Nairobi, aulize kwanza mamlaka ya usafiri wa anga kabla ya kusimamisha chochote kirefu. Kwa aliyepanga, mwenye nyumba naye ni mamlaka.

Vitu vya kuwa navyo

- Bomba la alumini la kipenyo cha milimita 50 lenye urefu wa mita 6, jingine la milimita 45 lenye mita 3, na la tatu la milimita 40 lenye mita 2, yote yakiwa na unene wa milimita 2. Wauzaji wa alumini ya madirisha huwa nayo. Yajaribu hapohapo dukani: bomba dogo liingie ndani ya kubwa bila kugongwa na bila kuchezacheza sana.
- Kipande cha fimbo ngumu ya plastiki ya polietilini au nailoni, kipenyo milimita 60, urefu sentimita 55. Mpe fundi wa kereza apunguze sentimita 30 za upande mmoja ziingie barabara ndani ya bomba la milimita 50. Mti mgumu kama mninga utafanya kazi wakati wa kiangazi, lakini masika ukinyonya maji utakusumbua.
- Vipande viwili vya chuma cha pembe na bolti ya milimita 12, kwa ajili ya bawaba ya kitako.
- Saruji, mchanga na kokoto kwa uwiano wa 1 kwa 2 kwa 4.
- Vigingi vinne vya chuma vya mita 1.2, kila kimoja kikiwa na tundu au pete karibu na kichwa.
- Kamba ya poliesta ya milimita 6, mita 40.
- Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5, ule wa kutandazia umeme wa nyumba, mita 80 au zaidi.
- Kebo ya antena ya omu 50, fimbo mbili za ethi zenye urefu wa angalau mita 1.2, kizuia radi cha kebo, na waya wa shaba wa milimita mraba 16.
- Klipu, bolti na washa za chuma kisichoshika kutu, msasa, timazi, multimita na kipimo cha SWR (kinachoonyesha nguvu inayorudishwa na antena).
- Glavu, viatu vilivyofunika mguu, kofia ngumu, na watu wazima wanne.

Neno kidogo kuhusu kamba. Usinunue ile kamba ya manila ya bluu au ya njano kwa sababu tu ni rahisi. Jua huila kimyakimya: kwa nje itaonekana nzima, lakini ukiipitisha kiganjani inakuachia unga na vijisindano vya plastiki. Kamba ikifikia hali hiyo, siku yake ya kukatika imekaribia. Waya wa chuma nao usitumie, kwa kuwa mlingoti huu ndio antena yenyewe, na waya wa chuma uliofungwa juu yake utaharibu vipimo vyote.

Hatua za kazi

1. Chimba shimo la sentimita 40 kwa 40, kina sentimita 60, na umwage zege ukiwa umesimika vile vyuma viwili vya pembe vikitazamana kama masikio, vikiacha nafasi ya kutosha fimbo ya plastiki kupita. Uso wa zege ubaki sentimita 5 juu ya ardhi ili maji ya mvua yasituame, na tundu la bolti liwe sentimita 10 juu ya zege. Hakikisha masikio yanaelekea upande ambao mlingoti utalazwa. Mwagilia zege maji kila siku na usiliwekee mzigo kabla ya siku 7 kwisha.

2. Pigilia vigingi vinne, kila kimoja mita 4.5 kutoka kitakoni, vikiwa vimeinamia nje, mbali na mlingoti. Viwili vya pembeni viwe kwenye mstari mmoja na bolti ya bawaba, na pete zake ziwe kwenye kimo kilekile cha bolti hiyo, yaani sentimita 15 hivi kutoka ardhini. Hili si pambo. Vigingi vya pembeni vikiwa mbele au nyuma ya mstari huo, kamba zake zitakaza au kulegea kadiri mlingoti unavyopanda, na utajikuta unapigana na kamba zako mwenyewe mlingoti ukiwa nusu njia. Kwenye mchanga wa pwani kigingi kitupu hakishiki. Zika kipande cha bomba mlalo kwenye kina cha sentimita 80, ukiwa umekifunga waya mzito unaotokeza juu, kisha ushindilie.

3. Unganisha mabomba yakiwa yamelazwa juu ya matofali. Pasua kwa msumeno wa chuma mdomo wa bomba la nje urefu wa sentimita 5, sugua kwa msasa sehemu zinazokutana mpaka zing'ae, ingiza bomba dogo sentimita 50, kisha kaza kwa klipu. Kila bomba likishaingia hivyo, jumla itakuwa mita 10 kamili: 6 za chini, 2.5 za kati na 1.5 za juu. Ziba mdomo wa juu kabisa kwa kifuniko cha plastiki, la sivyo nyigu watahamia.

4. Ingiza fimbo ya plastiki kwenye bomba la chini na uipitishie bolti moja ili isizunguke. Sentimita 25 zibaki nje, na tundu la bolti ya bawaba litobolewe sentimita 5 kutoka mwisho wake. Bomba la alumini lisiguse masikio ya chuma wala zege. Pima kwa multimita kati ya bomba na masikio: kusiwe na njia ya umeme kabisa.

5. Funga kamba zote nne kwenye pete au klipu iliyokazwa mita 5.8 kutoka kwenye bolti ya bawaba, chini kidogo ya kiungo cha kwanza. Kila kamba itatumia mita 7.3 hivi kufika kwenye kigingi. Zinazobaki ni za mafundo.

6. Ingiza bolti ya bawaba mlingoti ukiwa umelala. Funga kamba mbili za pembeni kwenye vigingi vyake, ziwe zimenyooka bila kukazwa sana. Kamba ya nyuma, yaani ya upande ambao mlingoti umelala, ifunge kabisa kwenye kigingi chake ukiwa umeipima mita 7.3. Sasa itakuwa imelegea chini, lakini ndiyo itakayouzuia mlingoti usipitilize na kuangukia upande wa pili. Kamba ya mbele ndiyo ya kuvutia.

7. Inua asubuhi mapema, ardhi ikiwa kavu. Mchana upepo wa baharini huamka, na wakati wa kusi ya nguvu ni bora kuahirisha. Kabla ya kugusa mlingoti, ondoa watoto na watazamaji wote nje ya duara la mita 15, na mteue mtu mmoja tu wa kutoa amri. Vijana wa mtaani hupenda kusaidia, na msaada wao ni mzuri, lakini kila mmoja akipaza sauti yake “vuta!” na “achia!” kwa wakati mmoja, mlingoti hauna wa kumsikiliza. Watu wawili wauinue mlingoti mikononi wakianzia karibu na mita 5 na kusogea kuelekea kitakoni hatua kwa hatua. Wa tatu avute kamba ya mbele. Wa nne asimame pembeni atazame kamba za pembeni na kutoa amri. Mwanzoni kamba ya mbele haina nguvu, kwa hiyo mikono ndiyo inayofanya kazi. Mlingoti ukifika nusu ya njia, simameni, tazameni vigingi vyote, kisha endeleeni.

8. Ukishasimama, zungusha kamba ya mbele kwenye kigingi chake na uifunge. Pima wima kwa timazi kutoka pande mbili zinazopishana, si upande mmoja. Kaza kamba kiasi cha kutoweka ulegevu tu. Kamba zilizokazwa kupita kiasi huupinda mlingoti na kuusukuma kitako chini bure.

9. Tandaza nyaya za ardhini 16, kila mmoja mita 5, zikitawanyika kutoka kitakoni pande zote. Ziunganishe zote kwenye pete moja ya waya mnene wa shaba inayozunguka kitako bila kugusa mlingoti. Si lazima uzizike kwa kina. Zilaze juu ya udongo na uzibane kwa vipande vya waya vilivyokunjwa, nyasi zitazifunika zenyewe. Wenye kuku wazifukie sentimita 3 au 4, maana kuku hana heshima kwa waya.

10. Unganisha waya wa kati wa kebo kwenye mlingoti, na wavu wake, yaani zile nyaya zilizosukwa kuuzunguka, kwenye ile pete ya nyaya za ardhini. Shaba isilale moja kwa moja juu ya alumini, kwa kuwa zikilowa huliana. Tenganisha kwa washa za chuma kisichoshika kutu na upake grisi. Kunja kebo mizunguko 10 hadi 12 yenye upana wa sentimita 20 karibu na kitako, ili mawimbi yasirudi nyumbani kwa kupanda juu ya kebo. Viungo vyote vifungwe kwa tepu ya mpira inayojishika, kisha tepu ya umeme juu yake.

11. Pigilia fimbo ya ethi kitakoni na uiunganishe na pete ya nyaya za ardhini. Pigilia nyingine pale kebo inapoingilia ndani, funga kizuia radi hapo, na fimbo zote mbili ziunganishwe na ethi kuu ya nyumba kwa waya wa milimita mraba 16. Kazi hii ya mwisho mwachie fundi umeme mwenye leseni. Ethi ya redio ikijitenga na ethi ya nyumba, radi ikipiga karibu hutokea tofauti kubwa ya volti kati ya hizo mbili, na anayeziba pengo hilo ni redio yako au mkono wako.

12. Zungushia kitako uzio wa mbao au plastiki wa kimo cha kifua. Unaporusha wati 100, anayegusa mlingoti anaungua, hata kama hakuna waya wa umeme karibu.

Makosa ya kuepuka kwa gharama yoyote

Usiuegemeze mlingoti kwenye mti: mti hutikisika kwa mdundo wake, na mlingoti utavunjika kwenye kiungo. Usimruhusu mtu kupanda mlingoti wala kuweka ngazi juu yake. Kama kuna kitu cha kurekebisha juu, ulaze chini kwa kurudisha hatua za kuinua nyuma.

Mlingoti ukianza kuponyoka, mwenye amri apige kelele “acha!” na kila mtu aachie na kukimbilia pembeni. Bomba la alumini linanunulika. Na ikitokea umegusa waya wa umeme, asiyeushika asimguse aliyeushika wala mlingoti, watu wote wakae mbali angalau mita 10 wakiondoka kwa hatua ndogo ndogo za kuburuta miguu, na shirika la umeme lipigiwe likate umeme kwanza. Kuvuta kwa fimbo ya mti au kamba si suluhisho kwa nyaya za kilovolti 11.

Kuhusu radi, hakuna kifaa cha dukani kinachoahidi kuzuia radi inayopiga mlingoti moja kwa moja, na wanaoishi kandokando ya Ziwa Victoria, Kisii au Kakamega wanajua mvua zao zinavyokuja. Mazoea salama ni kuchomoa kebo na kuiacha nje ya nyumba kila unapomaliza kutumia redio. Ukishasikia ngurumo usiishike tena kebo hiyo hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Ikikataa kufanya kazi

SWR ni kipimo kinachoonyesha ni kiasi gani cha nguvu kinarudishwa na antena badala ya kwenda hewani. Pima kwa nguvu ndogo, wati 5 hadi 10.

Kipimo kikiwa cha chini kabisa kwenye masafa yaliyo chini ya 7.1, mlingoti ni mrefu. Kikiwa juu yake, ni mfupi. Kila sentimita moja ya urefu ni kama kilohezi 7. Ukikuta kipimo cha chini kiko megahezi 6.95, utaingiza bomba la juu ndani sentimita 21 hivi, na kufanya hivyo unaulaza mlingoti, hupandi.

SWR ikiwa juu kila mahali, kosa haliko kwenye urefu. Tafuta plagi ya PL-259 (ile ya mwisho wa kebo) iliyochomelewa vibaya, wavu uliogusana na waya wa kati, au bomba linalogusa masikio ya chuma. Ikibadilika mvua inaponyesha na kurudi jua linapotoka, maji yameingia kwenye kebo, na kebo iliyokwisha kunywa maji hukatwa sehemu hiyo, haikaushwi.

Hili linalofuata huwashangaza wengi. Antena ya aina hii ikiwa na ardhi nzuri kabisa ina ukinzani wa omu 36 hivi, na kwa hiyo SWR yake huwa karibu 1.4. Ukipata 1.1 mapema mno, ukiwa na nyaya nne tu ardhini, usishangilie: huenda udongo unakula nguvu yako na kukufurahisha kwa kipimo kizuri. Ongeza nyaya. SWR ikipanda kidogo huku unasikika vizuri zaidi, mambo yanakwenda sawa.

Kelele zikikufunika unaposikiliza, zima taa za LED, chaja na inveta ya sola moja baada ya nyingine. Mara nyingi mkosaji yuko ndani ya nyumba yako. Jirani akilalamika kuhusu televisheni yake, mwendee, mzime na kuwasha redio yako huku mkitazama pamoja, kabla hajaanza kuihusisha antena yako na kila kitu kinachoharibika mtaani.

Kagua kamba na klipu kila kabla ya masika na vuli, na wa pwani waongeze kukagua bolti kwa ajili ya chumvi. Waya wa ethi uzike usionekane, na vichwa vya bolti za kitakoni viponde kidogo visifunguke kwa spana ya kawaida, kwa kuwa wanaokusanya vyuma chakavu huijua bei ya shaba na alumini kuliko unavyoijua wewe.